Hesabu Kabla Haijawa Hisabati

Babu yangu mzaa baba alipofariki aliacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, na minazi 48 upande wa Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Ni katika kuigawa minazi hiyo ndipo nilipolisikia neno hesabu likitamkwa na watu wazima kwa uzito wake wote. Ninyi wajukuu mnalijua kwa jina lake la shule, hisabati, na mara nyingi nawasikia mkilitaja kwa hofu. Nataka nikusimulie lilivyokuwa kabla halijavaa jina hilo, kwa sababu nimeishi nalo tangu miaka ya 1950, na nimewaona watu wakidhulumiwa kwa kutolijua, na nimewaona wengine wakilishika na kulitumia kudai haki yao mbele ya macho yangu.

Ilikuwa baada ya arobaini. Barazani kulikuwa na harufu ya udi uliokuwa ukiishia chetezoni, kahawa iliyotiwa tangawizi, na halua ambayo sisi watoto tuliikodolea macho tukijua haitatufikia. Sheikh aliyeitwa kugawa mirathi alikuwa mtu mwembamba, mwenye ndevu chache na jicho moja lililoanza kuingia ukungu. Hakuja na karatasi wala kalamu. Alikuja na kokwa za tende ndani ya kifuko cha kitambaa, akamwaga 48 juu ya mkeka, kila kokwa mnazi mmoja, kisha akazipanga mafungu manane, sita sita. "Mjane mwenye watoto ana thumuni," akasema, na fungu moja akalisogeza mbele ya bibi. Yakabaki saba. Kila mtoto wa kiume akapewa mafungu mawili, kila wa kike fungu moja, na mkeka ukawa mtupu. Hapakubaki kokwa, hapakupungua kokwa. "Hesabu imetimia," sheikh akasema, na wazee wakaitikia kwa kumhimidi Mungu.

Bibi hakuitikia. Yeye alikuwa na asili ya Uzigua, na kuhesabu kwake kulikuwa kwa zamani: sita kwake ilikuwa mtandatu, saba mfungate, tisa kenda. Alizishika kokwa zake moja moja mpaka mtandatu, akazifunga kwenye pindo la kanga, ndipo akasema: "Hizi ni kokwa, sheikh. Minazi yenyewe ni ipi?" Watu wakacheka, lakini sheikh hakucheka. Alijua alichoulizwa. Kuna mnazi unaoangusha nazi mwaka mzima, na kuna mnazi mzee unaosimama pale kwa heshima tu. Kesho yake asubuhi tukavuka kwa mtumbwi, wote kwa jumla, sheikh ameshika viatu vyake mkononi, na siku nzima ikapita katika kuitazama minazi mmoja mmoja, huyu akipewa mkubwa na mdogo, yule akibadilishana na nduguye, na chokaa ikipakwa shinani ili alama isipotee. Jioni bibi akaridhika. Kwa wazee wale hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu: huanza kwenye mkeka ikaishia shambani, na haitimii mpaka kila mtu aliyehusika aseme ameiona.

Neno lenyewe limetoka mbali. Ni la Kiarabu, hisabu, na ndani yake mna kuhesabu, mna kudhani, na mna kuulizwa ulichofanya. Ndiyo maana siku ya Kiyama huitwa pia Siku ya Hesabu. Mtaalamu Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hadi 833, aliandika kitabu cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala, na kutokana na jina la kitabu hicho dunia nzima ikapata neno aljebra. Wengi wanaoisoma aljebra leo hawaambiwi kwamba sehemu kubwa ya kitabu kile ni mambo ya wasia na mirathi. Nilipokuja kulijua hilo, ukubwani, nilimkumbuka sheikh wetu na kifuko chake. Kumbe alikuwa anafanya kazi ileile, kwa uzi uleule, miaka elfu na zaidi baadaye, kwenye mkeka wa Pangani.

Pwani yetu neno hilo lilifika kwa majahazi, na lilifika kwa milango miwili. Mlango mmoja ulikuwa chuoni, tulikosoma Kurani kwa mbao na wino wa masizi. Humo hesabu ilikuwa pia ya herufi: alifu ni moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, na kuendelea mpaka ghaini ambayo ni elfu. Waliojua falaki walijumlisha herufi za jina lako na jina la mama yako, wakatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kilichobaki ndicho kilichowaonyesha nyota yako. Watu walifunga safari kwa hesabu hiyo, walioa kwa hesabu hiyo. Mabaharia nao walikuwa na yao: walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wao, kwa makumi, na kila kumi wakaliita mwongo, ili wajue lini kusi itakaza na lini bahari itafungwa. Neno hilo leo mnalisikia kwenye redio likiwa na maana ya miaka kumi.

Mlango wa pili ulikuwa dukani. Duka la Mhindi wa mtaa wetu lilikuwa na harufu ambayo mpaka leo nikiipata pahali nasimama: mvuje, sabuni ya mche, mafuta ya taa, sukari guru iliyoanza kuyeyuka kwa joto. Mwenye duka alikuwa mnene, mpole, mwenye tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, na daftari lake la madeni lilikuwa refu, lenye jalada la kitambaa chekundu, limeandikwa kwa Kigujarati. Ikifika Diwali alianza daftari jipya, akalifanyia ibada, na watoto tukapewa peremende. Yeye naye alisema hisabu, kwa sababu na Bara Hindi neno hilohilo lilikwisha kuzama kwenye lugha zao. Hivyo Mwarabu, Mhindi na Mswahili wangeweza kusimama mbele ya meza moja, wakashindwa kuelewana kwa mengine yote, na kwa neno hilo moja wakaelewana. Tatizo ni kwamba daftari lilisomwa na mmoja tu. Mama alikuwa akirudi nyumbani na sukari robo, akisema, "Ameniandika, sijui kaandika nini." Sikumbuki kwamba alimwibia. Lakini mama hakuwa na njia ya kujua, na kutojua kwenyewe kulimchosha.

Nikiwa hapo dukani nikuambie habari ya thumuni, maana hapa ndipo utaona maneno ya hesabu yanavyotembea. Thumuni ni sehemu moja ya nane; ndiyo fungu la bibi. Lakini sisi tuliokuwa na senti hamsini mfukoni tulisema tuna thumuni, wengine wakitamka sumuni, na kila mtoto aliyefika darasa la tatu alijua kwamba senti hamsini ni nusu ya shilingi, si moja ya nane ya chochote. Nilimuuliza baba. Akanieleza, na maelezo yake yalikuwa sahihi: zamani fedha kubwa ya pwani ilikuwa reale, ile ya Austria yenye sura ya Maria Theresa, na reale moja ilikuwa rupia mbili na ushei. Kwa hiyo robo ya rupia ilikuwa moja ya nane ya reale, wakaiita thumuni. Waingereza walipoleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi mbili zikashika nafasi ya rupia moja, na robo ya rupia ikawa senti hamsini. Reale ikatoweka, rupia ikaondoka, na thumuni ikabaki midomoni, sehemu ya kitu ambacho hakipo tena. Kwa thumuni moja ulipata maandazi kumi ya senti tano tano, ya moto, yenye iliki. Senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, na akina mama wakizitunga kwenye uzi, na uzi ukifungwa kiunoni.

Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Pangani ndiko nyumbani kwa mkonge: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 vikatoka vilima na mabonde yote yale ya kijivu uliyoyaona ukienda Tanga. Nilipokuwa kijana, miaka ya 1950, mashamba yalijaa watu waliotoka mbali, Wabena, Waha, Warundi, Wamakonde, walioletwa kwa mikataba na shirika la waajiri lililoitwa SILABU. Kila aliyeshuka kwenye lori alipewa namba. Tangu siku hiyo aliitwa namba ile, na wote kwa pamoja waliitwa manamba. Angalia neno hilo vizuri, mjukuu wangu. Tarakimu iligeuzwa jina la kundi la wanadamu, na sisi wenyeji wa pwani tulilitumia bila kuona haya, tena kwa kudharau.

Likizo baba alikuwa akinichukua alfajiri kwenda naye kwenye mwito. Giza bado, taa ya kandili juu ya meza, harufu kali ya maji ya mkonge kutoka korona, yaani mashine ya kusaga majani, harufu inayoshika nguo isitoke hata ukifua. Baba anasoma kitabuni, "Mia mbili na kumi na saba!" na sauti gizani inajibu, "Yupo!" Kila mmoja alikuwa na kipande, karatasi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi yako ya siku, majani yamekatwa na kufungwa mafungu ya 30, unapigwa alama moja. Usipomaliza, hupati alama, hata kama ulitoka jasho tangu saa kumi na mbili. Mshahara ulitoka alama 30 zikijaa, si mwezi ukiisha. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa watu wengine. Ungeweza kuvuka siku arobaini.

Kulikuwa na mtu mmoja, Muha, mrefu, mwenye kovu la zamani kwenye paji la uso, ambaye hakujua kusoma lakini alikuwa akifunga fundo kwenye kamba ya katani kila jioni aliyomaliza kazi. Siku moja alikuja mezani na kamba yake ina mafundo 30. Kipande chake kilikuwa na alama 28. Aliiweka kamba juu ya kitabu cha baba, akaivuta polepole, fundo baada ya fundo, akihesabu kwa lugha yake, watu wote kwenye foleni wakimwangalia. Baba alikuwa mtu wa haki nyumbani, na mimi nilimtazama nikingoja. Akasema, "Kitabu ndicho kinachosema." Yule mtu akaikunja kamba yake, akaondoka, akafanya kazi siku mbili nyingine. Sikuwahi kumuuliza baba habari ile, na yeye hakuigusa mpaka kufa kwake. Kilichonikaa ni kwamba mezani pale palikuwa na hesabu mbili, zote zimetunzwa kwa uangalifu, na moja tu ndiyo iliyokuwa na nguvu, kwa sababu ilikuwa ya wino.

Shule sitaielezea sana. Tulisoma kwa Kiswahili madarasa ya chini na kwa Kiingereza ya juu, tukakariri paundi na shilingi za Uingereza ambazo hatukuwahi kuzigusa, na treni zilizokuwa zikikimbizana kutoka miji tusiyoijua. Nikafaulu, nikaenda chuo cha ualimu, nikaanza kufundisha Uhuru ukiwa bado mbichi. Mwaka 1967 ukaja, Azimio la Arusha likatangazwa Februari, Elimu ya Kujitegemea ikafuata Machi, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Walimu tulifurahi, kisha tukakaa tukatazamana: pembe, kipenyo, mzingo, kigawe, tutasemaje mbele ya watoto Jumatatu? Mwaka huohuo Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Lakini kabla istilahi hazijatufikia zikiwa zimepigwa chapa, wengi wetu tulikuwa tukiwauliza mafundi seremala na mafundi nguo, na walikuwa nazo nyingi kuliko kamusi.

Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mimi nilikuwa nimeshahamishiwa Usukuma. Huko mikoa ya Ziwa kulikuwa na mradi wa UNESCO tangu 1968, na kitabu cha kusomea wakulima wa pamba kiliitwa Pamba ni Mali. Darasa langu la watu wazima lilikuwa kwenye ghala la pamba, wakati wa kiangazi magunia yakijaa tunahamia chini ya mwembe. Wengi walikuwa wanawake, wamekuja na watoto mgongoni, mikono bado ina vumbi la jembe. Siku ya kwanza niliwaambia waniambie namba kwa Kisukuma, na walipofika saba wakasema mpungati, ndugu kabisa wa mfungate ya bibi yangu, na tisa wakasema kenda. Nilishangaa kwa furaha. Kenda ile niliyoidhani ya vikongwe wa Bweni ilikuwa inaishi vizuri, siku kadhaa za safari kutoka baharini, midomoni mwa wasichana.

Usukuma ilikuwa na habari yake na mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kwenye vituo vya kununulia pamba, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na harakati zile Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, vikawa miongoni mwa vikubwa Afrika. Lakini chama kuwa chako hakuzuii karani kuwa mjanja. Miaka ile nilipokuwa huko ratili zilikuwa zinaondoka na kilo zinaingia, na mkulima aliyekwisha kuzizoea ratili akajikuta hajui tena mzigo wake una kiasi gani. Mchana niliwafundisha kusoma uso wa mizani. Niliuchora ubaoni, duara na mshale, na nikapata ruhusa tukautazama wenyewe ghalani, kila mmoja akipandisha kitu, jiwe, mtoto, debe la maji, na kusema kwa sauti ya juu mshale umesimama wapi.

Mama mmoja wa makamo, mjane, mwenye sauti ya chini na meno ya mbele yenye mwanya, hakuwa mwepesi wa kusoma. Herufi zilimtaabisha mwaka mzima. Namba alizishika kwa wiki chache. Msimu ulipofika alileta pamba yake, nyeupe, ameichambua mwenyewe akaitenga ile fifi pembeni. Nilikuwa nimesimama karibu. Karani akapandisha gunia, akalitazama, akaandika stakabadhi, akamkabidhi bila kumwangalia usoni, kama walivyozoea. Mama akaisoma karatasi. Akanyanyua macho kwenye mizani, gunia bado linaning'inia, akarudi kwenye karatasi. Akasema, kwa Kiswahili chake cha darasani, taratibu: "Mizani imesema 47. Karatasi imesema 41. Hesabu yangu na yako hazijakutana." Foleni nzima ikanyamaza. Karani akasema ni kosa la kalamu, akaandika upya. Bei ya pamba safi wakati huo ilikuwa shilingi moja na senti chache kwa kilo, kwa hiyo zile kilo sita zilikuwa kama shilingi sita na ushei, chumvi, kiberiti na mafuta ya taa ya wiki kadhaa. Lakini nilichokiona usoni mwake hakikuwa shilingi sita. Na nyuma yake watu waliotoka darasani kwangu wakaanza kusogea karibu na mizani, mmoja baada ya mwingine, wakiutazama mshale. Siku ile pamba ilipimwa polepole sana.

Nilimfikiria yule Muha na kamba yake. Mafundo 30 yalikuwa sahihi kama kilo 47 zilivyokuwa sahihi. Tofauti ni kwamba huyu mama aliweza kuisoma karatasi ya mwenzake. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 karibu watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1977 wakawa 27. Watu hubishana juu ya takwimu hizo, na wana haki ya kubishana. Mimi najua nilichokiona ghalani.

Baadaye nikaitwa kwenye semina za kuandaa vitabu, na hapo ndipo nilipolishuhudia neno likibadilika rasmi. Kwenye ratiba za shule tulikuwa tumezoea kuandika Hesabu. Wakati huo mafundisho mapya yalikuwa yamekuja, yale yaliyotokana na mikutano ya wataalamu iliyoanza Entebbe mwaka 1962, yenye seti na alama zake, na wenzetu walisema somo limekuwa pana kuliko kujumlisha na kutoa, linahitaji jina pana. Tukawa na hisabati. Kwa Kiarabu hisabati ni wingi tu wa hisabu. Waarabu wenyewe somo hilo huliita riyadhiyati, jamaa moja na riadha yetu, kwa maana ya kuizoeza akili. Tulilichukua neno lao tukalipa kazi ambayo kwao halikuwa nayo, na sioni ubaya. Namba za kugawika kwa mbili zikaitwa shufwa, zisizogawika witiri. Mwalimu mmoja kutoka Bukoba aliuliza maneno haya yametoka wapi, nikamweleza habari za sala ya witri baada ya Isha, na kwamba Sura ya Al-Fajr inaapa kwa shufwa na witiri. Akaandika kwenye daftari lake kwa makini. Zilipofika namba zisizogawika isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe, likapendekezwa neno tasa, kwa kuwa hazizai. Mwalimu mmoja wa kike akasimama akasema watoto watalipeleka neno hilo nyumbani, na nyumbani kuna shangazi asiyejaliwa. Tulinyamaza wote. Neno likabaki, ndilo mlilofundishwa, na kila nilipolifundisha nilimkumbuka yule mwalimu nikalitamka kwa adabu.

Sina ugomvi na neno hisabati. Ni neno zuri na limefanya kazi. Ninachokililia ni kwamba pamoja na jina jipya tuliingiza wazo kwamba hili ni jambo la wachache wenye vichwa, la kufaulu au kufeli mbele ya karatasi, na lile la pili, la watu wawili kukaa wakaridhishana, tukaliacha nje ya darasa. Mtoto anapata alama zote za sehemu na asilimia, kisha anakubali mkopo wa kwenye simu bila kuuliza riba yake itakuwa kiasi gani mwezi wa tatu. Walimu wa leo wana kazi ya kuurudisha ule mkeka darasani, na inawezekana, kwa sababu neno la zamani halikufa. Lisikilize barabarani. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu anasema jioni, "Nimpelekee tajiri hesabu yake." Hamaanishi jibu la swali la mtihani; anamaanisha fedha ya siku anayodaiwa na mtu anayemjua kwa jina, na akipeleka pungufu atatakiwa kueleza. Hiyo ni maana ya sheikh wa Pangani, imepita chuo, duka, mkonge na pamba, ikapanda pikipiki. Yule kijana, hata kama alifeli hisabati darasa la saba, neno analielewa kuliko wengi walioifaulu.

Sasa nakuomba jambo moja. Dada yangu, bibi yako wa Bweni, bado anahesabu hadi kenda, anajua pishi ni vibaba vinne, na anaikumbuka minazi ile sita ilisimama wapi na kila mmoja ulizaa nini. Likizo hii nenda ukakae naye, umwache ahesabu kwa namna yake, na uyaandike maneno yake yote kwa tarehe na kwa jina lake.